Vipuli Saba vya Lwangilo

Jumapili ile Zaveria Mgaya alifika Lwangilo saa mbili na nusu asubuhi, umande bado umeganda juu ya majani, na barabara ikajifunga nyuma yake. Nguzo mbili za chuma ziliinuka kutoka ardhini, taa nyekundu ikawaka juu ya kila moja, basi. Hakuna kuingia, hakuna kutoka.

"Zimebaki saa tatu na nusu," ilisema bangili mkononi mwake.

Hiyo ilikuwa sauti ya Mlinzi, mashine iliyochunga afya ya mifugo yote, na ilikuwa sauti ya upole, jambo lililomkera Zaveria siku zote. Mashine inayokuja kuua ingekuwa na adabu ya kukohoa kwanza, aliwahi kusema ofisini. Wenzake walicheka, lakini yeye hakuwa anatania.

Alikuwa daktari wa mifugo wa tarafa, na siku hizi ukisema mifugo unasema sungura. Ng'ombe wamebaki kwenye hadithi za bibi. Kuku nao waliondoka wote katika mwaka mmoja wa mafua, na hakuna aliyerudi kutusimulia walikokwenda. Aliyebaki kuzilisha nyanda za juu ni sungura, kwa hiyo sungura analindwa kuliko bibi harusi. Kila mmoja alivaa kipuli sikioni, kidogo kama punje ya harage. Kipuli kilihesabu moyo, kilipima joto, kilitega sikio tumboni, maana tumbo la sungura likinyamaza nusu siku tu, tafuta jembe. Ndani yake mlikuwa na punje nne za dawa. Tatu za kuponya. Ya nne iliitwa punje ya kimya, na hiyo Mlinzi aliifungua mwenyewe, kutoka huko aliko, kwa kijiji kizima kwa mara moja, akiona ugonjwa wa kuvuja damu umeingia. Ugonjwa huo hauna mzaha. Sungura anakula vizuri jioni, asubuhi unamkuta chali na damu puani, na wiki haijaisha wilaya nzima inanuka.

Sasa, jana yake, kati ya saa kumi na moja na saa kumi na mbili jioni, vipuli saba vya Lwangilo vilisema neno moja: moyo mbio, joto kupita mwisho wa kipimo, kisha kimya. Nyumba sita, sungura saba, saa moja. Mlinzi hakuhitaji zaidi. Ikifika saa sita mchana, sungura elfu nne mia moja na kumi na wawili wangelala na wasiamke, isipokuwa daktari wa tarafa aweke kiganja chake kwenye bangili na kushuhudia kwa jina lake kwamba ugonjwa haupo. Akishuhudia kumbe upo, ungetoka pale na kuzimaliza nyanda za juu zote.

Miaka minne nyuma, kijiji cha Ikondo, Zaveria hakuweka kiganja. Alikaa ndani ya gari, vioo juu, akaiacha saa sita ipite. Sungura elfu tatu. Mpaka leo kitu kikinyamaza ghafla karibu yake, hata friji, anainuka kwenda kukitazama.

*

Aliyempokea ni Mama Lukelo, mwenyekiti wa wafugaji, mwanamke wa miaka sitini na ushei, mfupi, sweta mbili juu ya kitenge.

"Kamwene, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Pole na safari. Karibu uji."

"Uji baadaye. Nionyeshe mizoga."

"Tumezika."

"Wapi?"

"Huko." Mama Lukelo akaelekeza kidevu upande ulikokuwa na milima yote ya Njombe.

Zaveria hakubishana. Aliingia bandani kwake, akavaa glavu, akamtoa sungura wa kwanza, dume la kijivu lenye shingo nene kama ya mcheza ngumi. Akamfunua mdomo: ufizi wa waridi. Akambonyeza tumbo kwa vidole viwili, polepole, kama mtu anayetafuta jiwe kwenye mchele. Laini, na chini ya vidole likanguruma. Kinyesi chini ya waya kilikuwa cha duara, kikavu, kingi. Pua kavu. Dume likamparua mkono kwa miguu ya nyuma, na Zaveria akafurahi kuparuliwa, maana mgonjwa hana nguvu hizo.

"Waliokufa walikaa banda hili hili?"

"Hili hili," alisema Mama Lukelo akiangalia paa.

"Wawili?"

"Wawili. Mungu ametoa, Mungu ametwaa."

Nyumba ya pili, hali hiyohiyo. Sungura wazima, wenye njaa na wenye hasira. Mizoga? Tumezika huko. Ila "huko" ya nyumba ya pili ilikuwa upande wa mto, na ya nyumba ya tatu ilikuwa upande wa msitu. Kufika nyumba ya nne Zaveria aliacha kuuliza. Ugonjwa wa kuvuja damu haubagui, ukimpata mmoja bandani jirani yake anaanza kudhoofu kesho yake, na hapa majirani walikuwa wanatafuna matete kama wamelipwa. Kitu hakikukaa sawa. Lakini hisia haiwekwi kiganja. Kama kweli kuna mizoga saba ardhini, na ana saa mbili, angemwambia nini Mlinzi? Kwamba sungura mmoja amemparua?

"Mama," alisema, "wanakufa wote saa sita. Unaelewa? Wote. Nipe mzoga mmoja niupasue, nitazame ini. Mmoja tu."

Machozi yalimjaa Mama Lukelo machoni, akageukia mlango wa jiko.

"Njoo unywe uji kwanza," alisema mwishowe. "Unatetemeka."

*

Ukiingia jiko la nyanda za juu unasalimiwa na simbilisi kabla ya mwenye nyumba. Hao wadogo wasio na mkia, wanaokimbia sakafuni kati ya mafiga na kuni wakilia *kwii kwii*, wamekaa kwenye majiko yetu tangu babu wa babu. Serikali haiwahesabu. Mlinzi hawajui. Ukipata mgeni unamkamata mmoja, maji ya moto, manyoya yanatoka, sufuria.

Zaveria alikaa kwenye kigoda, kikombe cha uji mikononi, macho sakafuni. Simbilisi mmoja mnene, mweupe kwa kahawia, alitoka chini ya kuni kufuata ganda la kiazi. Alikuwa mnene kupita wenzake, anatembea kama diwani. Na sikioni mwake kulikuwa na taa ndogo ya kijani.

Zaveria aliweka uji chini taratibu.

Simbilisi alitafuna ganda. Kipuli kikamwekamweka, kijani, kijani, salama salmini.

"Mama Lukelo."

"Abee."

"Huyu simbilisi amevaa nini?"

Kuni zikarusha cheche. Mama Lukelo akamtazama simbilisi kwa chuki kubwa, kama vile alitumwa na adui atokeze.

"Mficha uchi hazai," alisema Zaveria. "Sema, mama yangu. Nakuomba."

Basi Mama Lukelo akakaa chini, palepale kwenye vumbi la majivu, akasema.

Mwezi wa tano nyumba ya Ndelwa iliungua. Nyumba, banda, sungura wote, akabaki na watoto watatu na suruali aliyovaa. Na pale Lwangilo, tangu enzi za ng'ombe, mtu akifikwa hivyo anaazimwa majike. Kila nyumba yenye uwezo inampa jike, anakaa naye mpaka azae na kunyonyesha, kisha anamrudisha na mtoto mmoja wa shukrani, na wengine wanabaki wake. Ndivyo mtu anavyosimama tena. Lakini Mlinzi hakubali sungura alale nyumba isiyo yake bila kibali.

"Kwa hiyo mkawavua vipuli."

"Tukawavua. Na kipuli bila moyo kinapiga kelele. Tukawavisha simbilisi. Moyo wao unakwenda mbio vilevile, tumbo linanguruma vilevile. Mwezi mzima mashine inatuambia, sungura wenu wana afya njema." Akafuta pua kwa ncha ya kitenge. "Tukawalisha vizuri, ili wasiumwe. Wakanenepa."

"Halafu jana?"

"Jana Ndelwa amepaua nyumba mpya. Kijiji kizima tulikuwa huko. Wanaume tukawatuma warudi majumbani kukamata simbilisi wa kitoweo." Mama Lukelo akainua mikono. "Sasa mwanaume ukimtuma akamate simbilisi, daktari, atakamata yupi? Si yule mnene!"

Zaveria alijiziba mdomo. Alitaka kulia, kikatoka kicheko, halafu vyote viwili kwa pamoja. Walikimbizwa, moyo ukaenda mbio. Wakachinjwa. Wakachovywa kwenye maji ya moto, masikio na vipuli na yote, joto likapita mwisho wa kipimo. Mlinzi, na akili zake zote, alikuwa ameomboleza mchuzi.

"Na majike?"

"Wako kwa Ndelwa. Wazima. Wanane. Mimi nilitoa watatu, lakini simbilisi huyu hapa aliponea chini ya kuni."

Wanane, hawana vipuli, punje ya kimya isingewagusa. Ikifika saa sita, waliotangazwa wafu ndio wangekuwa sungura pekee walio hai Lwangilo.

"Kwa nini hukuniambia tangu asubuhi!"

"Nikuambie nini? Anayevua kipuli bila kuomba, banda lake linafungwa miaka mitatu. Nyumba sita, na Ndelwa wa saba. Watoto watakula nini?" Akamshika Zaveria goti. "Mwanangu, wewe una jina. Sema umeiona mizoga. Sema ni gesi ya tumbo, wamekula kabichi yenye baridi. Nani atafukua? Sungura wanapona, watu wanapona."

Zaveria alilipima neno hilo kwa muda ambao hakuwa nao. Uongo ule ulikuwa mtamu, na haukuwa na mwenye kuumia. Leo. Lakini kuna siku ugonjwa wa kweli ungekuja, na siku hiyo daktari fulani, mahali fulani, angesema "ni gesi tu" kwa sababu alishasikia kwamba inawezekana kusema hivyo. Na ukweli nao ulikuwa na meno, ungewang'ata watu saba ambao kosa lao ni kumwonea huruma jirani.

"Umesema anayevua bila kuomba," alisema.

"Ndiyo sheria."

"Ninyi hamkuomba?"

Mama Lukelo akamtazama kwa mshangao wa kweli. "Tuliomba. Mwezi wa tano, siku ya tatu baada ya moto, wote tuliandika. Tukangoja wiki nne. Maombi si yanakuja kwako?"

Zaveria aligusa bangili, akafungua maombi. Yalikuwa mia mbili na kumi na nne, yamelala chini ya neno moja aliloliandika mwenyewe siku moja alipochoka: *baadaye*. Akatafuta Lwangilo. Yakaja sita, yameandikwa kwa adabu zote, "tunaomba kwa heshima na taadhima."

Masikio yakamwaka kwa aibu.

"Twende kwa Ndelwa," alisema. "Haraka."

*

Mlinzi hakuamini maneno. Alitaka tone la damu la sikio kutoka kwa kila sungura aliyeandikwa kufa, alilinganishe na damu aliyochukua siku sungura huyo alipozaliwa. Saa tano na dakika kumi walikuwa kwa Ndelwa, mtu mrefu mwenye kovu la moto shingoni. Alipoambiwa, hakuuliza lolote, alianza kuwatoa majike mmoja mmoja na kuwashika kwa mikono miwili, makalio yameegemezwa vizuri, kama inavyotakiwa. Zaveria alichoma sindano, akagusisha damu kwenye bangili.

"Yuko hai," ilisema bangili. Ikasita. "Yuko hai." Ikasita tena, na ukiwa na masikio mabaya ungesema imeshangaa. "Yuko hai."

Wa sita alipita saa tano na dakika arobaini. Yule jike wa Mama Lukelo ambaye kipuli chake kilikuwa bado hai jikoni hakuhitajiwa. Alibaki mmoja, mweusi wa Mama Lukelo, naye hakuwa mbele ya banda. Zaveria aliinama na taa. Ndani ya kisanduku cha kuzalia jike alikuwa amejinyofoa manyoya ya kifua, amejikunja juu yake, anasukuma. Mtoto mmoja mwekundu, kipofu, alikuwa tayari amelala kwenye manyoya.

"Mungu wangu, sasa hivi?"

"Ukimgusa atakula watoto," alisema Ndelwa kwa sauti ya chini.

Alisema kweli. Jike akishtuliwa katikati ya uzazi huua alichozaa, na hakuna dawa ya hilo kwenye kipuli chochote. Zaveria alitazama bangili. Dakika kumi na nane. Wakangoja. Ukitaka kujua dakika ni ndefu kiasi gani, ngoja sungura azae huku elfu nne wakisubiri. Akatoka wa pili. Wa tatu. Dakika tisa. Wa nne akachelewa.

"Nipishe," alisema Mama Lukelo.

Alivua sweta ya juu. Akasugua viganja kwenye matandiko ya banda, kwenye kinyesi, kwenye mkojo, mpaka mikono ikanuka banda kabisa. Kisha akaiingiza polepole, akisema maneno ya Kibena ambayo mtu humwambia binti yake akiwa na uchungu, na kiganja kimoja akakifunika juu ya macho ya jike. Jike akatetemeka, akatulia. "Ananijua. Choma."

Zaveria alinyoosha mkono kupita bega la Mama Lukelo na kuchoma ncha ya sikio. Jike hakushtuka. Tone likatoka. Wa nne akatoka pamoja nalo.

"Yuko hai," ilisema bangili. "Zimebaki dakika nne. Shahidi aweke kiganja na aeleze."

Uso wa Daktari Nyigo, mkuu wake wa mkoa, ukatokea juu ya bangili, mzee mwenye miwani iliyopinda. Ushahidi wa kiganja lazima usikilizwe na mkuu.

Zaveria akaweka kiganja. "Mimi Zaveria Mgaya nashuhudia kwamba Lwangilo hakuna ugonjwa. Vipuli saba vilivaliwa na simbilisi. Simbilisi wameliwa. Sungura waliazimwa kwa mtu aliyeunguliwa nyumba."

"Wameliwa?" alisema Nyigo.

"Kwenye sherehe, mzee."

Nyigo akavua miwani. "Kuvua kipuli bila kuomba ni miaka mitatu, Zaveria."

"Waliomba. Maombi sita, mwezi wa tano. Mimi sikuyajibu. Yako kwangu, sijayafuta."

"Unajua hilo linamwangukia nani?"

"Mimi, mzee."

Mama Lukelo aligeuka kumtazama, mikono bado ndani ya banda. Sekunde zikaenda, na Zaveria akasikia moyo wake ukipiga masikioni kama wa simbilisi aliyekimbizwa.

"Ungeweza kusema gesi," alisema Nyigo.

"Ningeweza."

Mzee akavaa miwani yake. "Barua ya kujieleza, mezani kwangu Jumatano. Ndefu. Na miezi mitatu utajibu maombi tu, hutagusa sindano." Kisha mabega yakaanza kumtikisika. "Mchuzi," alisema. "Mlinzi kalia msiba wa mchuzi! Ondoa amri."

Amri ikaondoka. Mbali, barabarani, nguzo zilisikika zikizama. Ndelwa akakaa chini pale pale kwenye matope na kuweka uso kwenye magoti, na Zaveria alipojaribu kumwambia pole akagundua kwamba yeye mwenyewe analia kwa sauti, bila haya, kama mtoto aliyepatikana sokoni.

*

Saa nane walikula. Ugali, kabichi, na kiporo cha jana.

"Kula, daktari," alisema Mama Lukelo akimsukumia paja. "Mgonjwa wako huyo."

Walicheka mpaka simbilisi wakakimbilia chini ya kuni. Zaveria alikula paja lote, akalamba kidole, na kwa mazoea ya kazi akafungua tena kumbukumbu za vipuli saba, azitazame sasa akiwa ametulia. Ilikuwa wazi kabisa, alishindwaje kuona? Mwenye homa hupanda joto kwanza, moyo ukasimama baadaye. Hapa moyo ulisimama kwanza, joto likaja nyuma yake. Maji ya moto.

Kicheko kikamwishia mdomoni. Akaandika jina la Ikondo. Vipuli tisa, jioni moja, miaka minne iliyopita. Moyo. Kisha joto.

"Mama," alisema. "Ujanja huu wa simbilisi mlijifunza wapi?"

Mama Lukelo alikuwa akikwangua sufuria. Akaacha. "Kwa wakwe zetu."

"Wa Ikondo?"

"Ikondo."

"Siku ile walikuwa na shughuli gani?"

"Harusi, mwanangu."

"Kwa nini hawakuniambia!"

Mama Lukelo hakusema kwa ukali. Alisema kwa upole, na ilikuwa mbaya zaidi. "Ulikaa garini."

Zaveria aliinamisha kichwa. Hakuna aliyemharakisha. Nje mabanda yalikuwa na kelele za kawaida, elfu nne wakitafuna na kukwaruza na kupiga miguu, na alizisikiliza mpaka pumzi ikamrudia. Kisha akaivuta bangili, akalifuta lile neno *baadaye*, akafungua kibali kipya.

"Mabanda ya Ikondo hayajajaa tena mpaka leo. Nani atawaazima jike?" aliuliza. "Kwa kibali. Cha kwanza naandika sasa hivi."

"Yule wangu ambaye kipuli chake kilipona," alisema Mama Lukelo kabla hajamaliza. "Ana mimba ya wiki mbili. Nitamvua simbilisi hereni yake, ameringa vya kutosha."

"Nyigo amekukataza sindano," alisema Ndelwa.

"Hakunikataza kuendesha."

Jike alikaa mapajani mwa Zaveria njia nzima, ndani ya kikapu cha matete, kipuli chake halali kimerudi sikioni, kikituma kwenye bangili moyo na joto na tumbo lililonguruma bila kukoma. Watu wa Ikondo walilijua gari lile. Lilipoingia walitoka kwenye milango, wakasimama, hakuna aliyesalimu.

Zaveria alizima injini, akakumbatia kikapu, na safari hii akashuka.